Ushauri bora kwa muuguzi chipukizi huanzia wodini

MWANAFUNZI wa uuguzi anapoingia kwa mara ya kwanza katika wodi za Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kwale iliyoko Msambweni, mara nyingi huwa ameshapewa ushauri wa kila aina. Mjomba amemwambia amalize haraka aende Uingereza. Aliyemtangulia chuoni amemtisha kuhusu mtihani wa Baraza la Wauguzi. Wakala asiyemjua amempigia simu kumwahidi kazi ng'ambo kabla hata hajajifunza kufunga kidonda. Mtu ambaye huenda hajamuuliza hata neno moja ni sista aliyesimama hatua mbili kutoka alipo, ambaye kazi hiyo ameifanya kwa miaka ishirini.

Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu kuishi kwingi ni kuona mengi, na kazi ya uuguzi hujifunzwa kwa macho na mikono kuliko kwa vitabu. Mwanafunzi asiyeuliza anaweza kumdhuru mgonjwa, kujidhuru yeye mwenyewe, au kupoteza miaka na pesa akifuata njia ambayo mwenzake angemwonya mapema kwamba haina mwisho mwema. Lakini kuuliza nako kuna namna yake, na ushauri wa mkongwe, kama ilivyo dawa, una kipimo chake.

Pwani ya kusini ina bahati katika jambo hili. Chuo cha mafunzo ya matibabu, maarufu kama KMTC, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1927, kina matawi Msambweni na mjini Kwale. Vijana wanaosoma huko hutoka Ukunda, Vanga, Kinango na Shimba Hills, na wengine hutoka mbali kabisa magharibi na kati mwa nchi. Anayesomea stashahada ya uuguzi hukaa chuoni kwa miaka mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo huitumia wodini na katika zahanati. Akimaliza hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, kwa kuwa Sheria ya Wauguzi iliyotungwa mwaka 1983 haimruhusu mtu kufanya kazi hii bila kusajiliwa na kupewa leseni.

Katika safari hiyo kijana hukumbana na maswali makubwa matatu. Nitamalizaje mafunzo salama? Nianzie kazi wapi? Je, niende ng'ambo au nibaki? Kila swali lina mtu wake wa kuulizwa.

Kwa nini ni vigumu kuuliza

Sababu ya kwanza inajulikana na kila aliyewahi kulazwa katika hospitali ya umma. Wodi hujaa, wauguzi ni wachache, na anayesimamia zamu hana nafasi ya kukaa chini na kufundisha. Mwanafunzi huogopa kufokewa mbele ya wagonjwa, akaona afadhali anyamaze.

Sababu ya pili haionekani kwa urahisi. Mwaka 1984, muuguzi na mtafiti wa Marekani, Patricia Benner, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi muuguzi anavyokua katika kazi yake. Alizigawa hatua za ukuaji huo katika ngazi tano, kuanzia mgeni kabisa hadi bingwa. Mgeni hutegemea kanuni na tarakimu: mapigo ya moyo yakiwa kadha, fanya kadha. Bingwa amekwisha kuvuka hapo. Humtazama mgonjwa mara moja akajua kwamba hali si nzuri, hata kabla ya kupima chochote, na ukimuuliza amejuaje huenda akashindwa kukueleza.

Ndiyo maana swali pana kama vile "Sista, nifanye nini niwe muuguzi mzuri?" hujibiwa kwa neno moja: bidii. Jibu hilo ni la kweli lakini halimsaidii mtu. Mwanafunzi mwerevu huuliza jambo dogo lililotokea mbele ya macho yake. Kwa mfano: "Sista, uliona nini kwa yule mama hata ukarudi kumpima presha mara ya pili?" Swali la namna hiyo humlazimisha mkongwe kurudi nyuma, akumbuke alichokiona, na kukitaja kwa jina. Labda ni jasho usoni, au mgonjwa aliyekuwa akizungumza ambaye ghafla amenyamaza. Hapo ndipo ujuzi hutoka kichwani mwa mmoja ukaingia kichwani mwa mwingine.

Wakati nao una maana. Swali huulizwa baada ya mgonjwa kuhudumiwa, si wakati damu inatoka. Dakika chache baada ya zamu moja kukabidhi nyingine, au saa tulivu za usiku kabla ya alfajiri, zinafaa zaidi. Mwanafunzi anayebeba kijitabu kidogo mfukoni na kuandika maswali yake ya siku nzima hupata majibu mengi kuliko anayeuliza kila linapomjia.

Ya kujua kabla ya kushika sindano

Kuna ushauri ambao haufai kusubiri. Wa kwanza ni kuhusu mwili wa mwanafunzi mwenyewe. Muuguzi hukutana na damu kila siku, na ugonjwa wa ini wa hepataitisi B huambukizwa kwa damu kwa urahisi sana. Chanjo yake ipo, na kwa kawaida hutolewa mara tatu katika muda wa miezi sita. Mwanafunzi aulize kuhusu chanjo hiyo mapema, wala asingoje kukumbushwa.

Wa pili ni kuhusu kudungwa na sindano iliyotumika. Vijana wengi wakidungwa hunyamaza kwa aibu au kwa hofu ya kuonekana wazembe. Mkongwe mwenye huruma atamwambia chipukizi wake hivi: osha mahali hapo kwa maji na sabuni, usikamue, kisha toa habari papo hapo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya ajali kama hiyo zinapaswa kuanzwa haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 72 kupita. Humezwa kwa siku 28. Aibu ya siku moja haiwezi kulinganishwa na maradhi ya maisha. Aidha, sindano iliyotumika haifunikwi tena kifuniko chake. Hutupwa moja kwa moja katika sanduku lake.

Wa tatu unahusu uaminifu. Mwanafunzi hupewa daftari la kazi za wodini, na kila kazi aliyoifanya hutiwa sahihi na anayemsimamia. Kishawishi cha kutaka sahihi kwa kazi usiyoifanya ni kikubwa, hasa muhula unapokaribia kwisha. Lakini siku itafika utakuwa peke yako katika zahanati na mama anajifungua, na sahihi ya kuombwa haitakusaidia kumshika mtoto.

Wa nne ni wa lugha. Mzee wa Kiduruma aliyetoka Kinango au bibi wa Kidigo aliyetoka Muhaka anaweza kujua Kiswahili vizuri, lakini maumivu aghalabu huelezwa kwa lugha ya nyumbani. Mwanafunzi mgeni awaombe wauguzi wenyeji wamfundishe salamu, majina ya viungo vya mwili, na namna watu wa hapa wanavyoyataja maradhi. Kwa muda mfupi tu ataona wagonjwa wakimweleza mambo ambayo hapo mwanzo waliyaficha.

Mkongwe naye hukosea

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Katika wodi, hata hivyo, neno huweza kuharibika hata wazee wakiwapo, na ni vizuri pande zote mbili zikubali hivyo.

Chukua mfano wa damu inayotoka baada ya mama kujifungua. Kutokwa na damu nyingi ni mojawapo ya sababu kuu za vifo vya kina mama duniani. Kwa miaka mingi wakunga wamezoea kukadiria kwa macho kiasi cha damu iliyomwagika, na mkunga mwenye uzoefu huliamini jicho lake. Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalitangazwa Mei 2023, ulionyesha kwamba jicho halitoshi. Mahali ambapo utaratibu wa zamani uliendelea, takriban nusu tu ya akina mama waliotokwa na damu kupita kiasi ndio waliotambuliwa. Mahali ambapo damu ilikingwa kwa mfuko wa plastiki wenye alama za kipimo, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja bila kungoja, zaidi ya asilimia 90 walitambuliwa. Visa vya kutokwa na damu kwa kiwango cha hatari na madhara yake vilipungua kwa asilimia 60.

Mwanafunzi aliyesoma habari hiyo darasani akaingia wodini na kumwambia sista wa miaka ishirini kwamba amekosea, atajitafutia maneno. Lakini akisema, "Sista, chuoni tumefundishwa kupima kwa mfuko wenye alama, hapa tunafanyaje?", amefungua mlango bila kuvunja heshima. Mkongwe mwema hatalichukua swali hilo kama dharau.

Kenya imewahi kuona wazee wa kazi hii wakirudi kuwa wanafunzi. Mwaka 2005, shirika la AMREF kwa ushirikiano na Baraza la Wauguzi lilianzisha mpango wa kuwasomesha kwa njia ya kompyuta wauguzi wenye cheti, ili wapande hadi ngazi ya stashahada bila kuacha kazi. Waliolengwa walikuwa zaidi ya 20,000 nchini kote, na wengine walikuwa wakigusa kompyuta kwa mara ya kwanza. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi akakubali kukaa tena darasani huwa mshauri bora, kwa sababu anakumbuka upya jinsi kutojua kunavyouma.

Diani au Kinango?

Swali la pili, la mahali pa kuanzia kazi, ndilo ambalo ushauri wa wakongwe unahitaji kuchujwa zaidi. Waliosoma zamani walimaliza chuo wakapangiwa vituo na serikali moja kwa moja. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1990 serikali ilipopunguza kuajiri, kisha yakabadilika tena mwaka 2013 huduma za afya zilipohamishiwa kaunti. Leo kijana aliyesajiliwa huomba kazi kwa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, hushindana na wengine wengi, na akipata huenda ikawa ya mkataba tu. Mkongwe anayesema "ngoja, serikali itakuita" anasema yaliyokuwa kweli enzi zake.

Kwa hivyo, kuhusu barua za maombi, mahojiano na mikataba, muulize aliyeajiriwa miaka miwili au mitatu iliyopita. Kuhusu aina ya kazi itakayokukuza, muulize mkongwe.

Huku kusini njia ni mbili kubwa. Katika ukanda wa Diani na Ukunda kuna hospitali na kliniki za kibinafsi zinazowahudumia wenyeji pamoja na watalii. Huko kijana anaweza kupata kazi ya kudumu au zile za kushikilia zamu ambazo wauguzi huziita lokamu. Atajifunza kuandika kumbukumbu kwa makini na kuwahudumia watu wa lugha mbalimbali. Kwa upande mwingine, katika zahanati za ndani kuelekea Kinango na Lungalunga, muuguzi ndiye kila kitu. Huchanja watoto, huzalisha, hutibu malaria, hufunga vidonda na kuhesabu dawa, na wagonjwa wanaotoka mbali humwita daktari, hasa akiwa mwanamume.

Vijana wengi huiogopa zahanati ya ndani kwa upweke wake, barabara zake na uhaba wa maji. Hofu hiyo ina msingi. Lakini aliyefanya kazi huko kwa miaka miwili huwa ameamua mambo mengi kuliko mwenzake wa mjini aliyekuwa na mtu wa kumwita kila mara. La kuuliza kabla ya kwenda ni hili: nikizidiwa usiku nitampigia nani simu, na gari la wagonjwa huchukua muda gani kufika? Mahali pasipo na jibu si pa kumpeleka mgeni wa kazi.

Isitoshe, kufanya kazi mashambani si kufungiwa milango. Mei 2022, Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alitunukiwa huko Dubai tuzo ya kimataifa ya wauguzi yenye thamani ya dola 250,000 za Marekani, kwa kazi aliyoifanya miongoni mwa jamii yake ya wafugaji. Yeye alifahamika duniani akitokea kijijini.

Jambo lingine ambalo mkongwe hulijua ni pesa. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, karibu miezi mitano. Waliokuwa kazini wakati huo wanajua maana ya kuweka akiba, kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na kuuelewa vyema muungano wa wafanyakazi unaojiunga nao.

Njia ya ng'ambo

Swali la tatu ndilo linalowapotosha vijana zaidi, kwa kuwa wanaolijibu mara nyingi wana kitu cha kuuza. Kwenda ng'ambo si dhambi. Wauguzi wa Kenya wako Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba, na Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwawezesha wauguzi kwenda kufanya kazi huko kwa utaratibu. Lakini mwishoni mwa mwaka huo huo, Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliotarajiwa kwenda, ni 10 tu waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Si kwamba wauguzi wetu hawakijui Kiingereza; mtihani huo una mtindo wake, na asiyejizoeza huanguka. Anayechagua mtihani wa IELTS, Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza humtaka apate alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mwanafunzi anayejua hilo akiwa mwaka wa kwanza ana muda wa kujiandaa.

Marekani ina mtihani wake wa NCLEX. Waajiri wengi wa Ghuba hutaka uzoefu wa takriban miaka miwili baada ya kusajiliwa, na vyeti huhakikiwa moja baada ya kingine. Maana yake ni kwamba hata mwenye nia ya kuondoka anahitaji kwanza kufanya kazi vizuri hapa nyumbani. Miaka hiyo miwili ya Msambweni au Kinango si muda uliopotea.

Kuhusu mawakala, ushauri ni mfupi. Nchini Kenya, wakala wa ajira anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na mtu yeyote anaweza kuulizia leseni hiyo. Kwa kazi za Uingereza, maadili ya uajiri ya nchi hiyo yanakataza wakala kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Anayekuomba uuze shamba la mnazi ili akutafutie kazi, mwache aende zake. Na kabla ya kuamua, zungumza na muuguzi aliyekwenda na yule aliyekwenda akarudi. Mmoja atakueleza mshahara. Mwingine atakueleza kodi ya nyumba, baridi, na mama aliyezikwa mtoto akiwa mbali.

Wajibu wa wakongwe

Makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya wanafunzi peke yao. Mwaka 1974, mtafiti wa Marekani, Marlene Kramer, aliandika kuhusu mshtuko unaowapata wauguzi wapya wanapogundua kwamba wodi si kama darasa, na kueleza jinsi mshtuko huo unavyowafanya wengine waache kazi kabisa. Nusu karne imepita na mshtuko huo bado upo. Dawa yake si pesa tu. Kijana anayeambiwa na aliyemtangulia kwamba hata yeye alilia chooni katika wiki yake ya kwanza, huona kwamba anaweza kuvuka.

Sista anayefundisha kwa kufoka hupata utiifu, lakini hupoteza maswali, na swali lisiloulizwa ndilo linalomdhuru mgonjwa. Kosa lielezwe pembeni, si mbele ya kitanda. Ushauri utolewe pamoja na umri wake: "Hivi ndivyo ilivyokuwa mimi nilipoanza, sasa ulizia kama bado iko hivyo." Na asiyejua jibu amtaje anayelijua.

Mzazi mwenye mtoto katika chuo cha uuguzi naye ana la kufanya. Badala ya kumuuliza kila likizo ataondoka lini kwenda ng'ambo, amuulize ni muuguzi gani wodini ambaye anamfundisha vizuri, na amtumie salamu za shukrani. Akikosa hata jina moja la kutaja, basi hilo ndilo la kwanza la kushughulikia atakaporudi chuoni.